Faida Iliyokula Majani Kirolirwe

Leo ukisimama pale Sake, kwenye njia panda ya Goma, Masisi na Minova, ukauliza ile kampani ya Adelaïde na Sébastien ilikufa na nini, kila mtu atakujibu: vita. Ni jibu rahisi, na linampendeza kila mtu, maana vita haina uso wa kuona haya. Lakini si kweli. Kampani ilikufa zamani, kabla ya risasi ya kwanza, barabara ikiwa wazi, wageni wakiomba nafasi, na hesabu zikionyesha faida. Ilikufa ikiwa imenenepa. Njo maana inauma.

Iliitwa Milima na Pori. Adelaïde alikuwa binti wa Kirolirwe, nyumba ya wafugaji, na alisomea mambo ya biashara kule Goma. Sébastien alikulia Sake, lakini mama yake alikuwa wa Itebero, ndani kabisa ya Walikale, na likizo zote za utoto wake alizimalizia huko, akifuata wajomba kwenye mitego. Yeye alileta njia, Adelaïde akaleta hesabu. Mgeni alichukuliwa Goma, akalala Kirolirwe, akala jibini, akatazama ng'ombe kwenye vilima. Kisha gari mpaka pale barabara inapokata tamaa, kisha piki, kisha miguu, mpaka Itebero, ambako alitembea porini akitafuta sokwe na ndege.

Watu walicheka. Nani atoe feza zake aje kutembea mahali sisi tunatembea kwa shida? Basi, walitoa.

Lakini kabla ya mgeni wa kwanza kulikuwa na pori lenyewe, na pori lina wenyewe. Kule Itebero, upande wa ng'ambo ya kijito ulikuwa wa ukoo wa Athanase, mjomba wa Sébastien. Alikuwa muwindaji, na Jumapili aliongoza sala katika kapela kila mara padri aliposhindwa kufika, yaani karibu kila Jumapili. Sébastien alimwomba watu waondoe mitego upande huo, wanyama wazoee harufu ya watu.

"Unaniomba nifunge pori juu wazungu wapige picha," Athanase alisema.

"Si wazungu tu, mjomba. Hata watu wa Goma wanakuja."

"Wa Goma nao siku hizi wanashiba picha?"

Walicheka, wakanywa, na kesho yake Athanase akalifunga. Alifunga majani kukata njia, mbele ya watu wote, akasema maneno yasiyosemwa kapelani, kisha akafanya ishara ya msalaba. Aliondoa mitego yake kwanza, jirani zake wakafuata. Fikiria maana yake. Nyumba zile hazina bucha. Kufunga pori ni kuwaambia watoto wale sombe, majani ya muhogo, bila nyama, leo na kesho, kwa ajili ya kampani ya watu wa Sake.

Mshahara hakuomba. Wapagazi na wapishi walilipwa kazi yao, hiyo ilikuwa kando. Kwa pori aliomba tu kile kinachoombwa kwa kijana yeyote anayeua mnyama wake wa kwanza. Muwindaji hali nyama yake ya kwanza. Anaibeba begani mpaka kwa wenye pori, wao wanaipika, kila mtu anaonja, hata mtoto wa mgongoni anapakwa mchuzi kwenye ulimi. Yeye anatazama tu. Kuanzia hapo ni mtu wa pori lile.

"Faida ya kwanza mutaileta," Athanase alisema. "Hata ikiwa ndogo kama panya. Tutaikula hapa. Ya pili na ya tatu ni yenu, sitauliza."

"Nitaileta mimi mwenyewe."

"Njo wewe ninakuambia. Hiyo kampani sijui mama yake. Wako ninamujua."

Sébastien alielewa vizuri. Akileta, kule kwa mama yake atakuwa mtu mzima, mwenye njia. Asipoleta, atakuwa nini? Hakujiuliza. Kijana mwenye mradi hajiulizi maswali ya namna hiyo.

Safari ya kwanza ilileta hasara. Ya pili ilirudisha mafuta ya gari na kidogo juu. Halafu kiangazi kikaja, barabara ikakauka, na watu wa Goma wakaambiana. Walipofunga hesabu ya nusu mwaka wa kwanza, baada ya kulipa kila aliyestahili, zilibaki dola elfu moja na mia tisa. Kwa kampani isiyo hata na gari lake yenyewe, ilikuwa ajabu. Adelaïde alihesabu mara mbili kwenye telefone, akacheka peke yake.

Alikuwa mwaminifu, sitaki mtu amfanye mwizi. Aliandika mafuta, feza za barière zote za njiani, mkate, hata sabuni ya wageni. Kwa pori aliandika sifuri, juu pori halitoi risiti. Ni hesabu ya zamani hiyo. Mpira ulitoka kwetu hivyo, wazee wetu wakichapwa kiboko. Bati likatoka hivyo, mbao zinatoka hivyo hadi leo, na katika vitabu vya wote waliopita, pori la Walikale ni sifuri. Wale tuliwalaani, na tuko sawa kuwalaani. Hawa walikuwa watoto wetu.

Kikao cha faida kilifanyika Kirolirwe, kwa Jean-de-Dieu, baba ya Adelaïde. Jibini mezani, maziwa ya moto vikombeni.

"Mbele ya yote kuna sehemu ya Itebero," Sébastien alisema. "Mjomba anangoja ya kwanza."

"Unataka kumupelekea dola mu bahasha?" Jean-de-Dieu aliuliza. "Kama muntu wa barière?"

"Alisema hata kidogo, Papa. Tununue mbuzi tu, na chumvi."

"Mbuzi. Musikule leo musahau kesho, mutoto wangu. Mimi nikimuheshimu muntu, ninamupa ng'ombe. Nunueni mbili. Moja ya kampani, moja ya Itebero. Ile ya Itebero ikizaa, ndama iko yao. Ikizaa tena, iko yao tena. Ni nani alishamupa mjomba wako kitu chenye kuzaa?"

"Na feza inapotea mu mfuko," Adelaïde aliongeza. "Ng'ombe inakula majani ya bure."

Mzee hakuwa anadanganya. Katika vilima vile hakuna heshima ipitayo ng'ombe. Kuna familia pale zilizoshindwa kupatanishwa na mahakama, na ng'ombe mmoja akazipatanisha. Alikuwa anatoa kilicho kikubwa kuliko vyote alivyovijua, na macho ya Adelaïde yalijaa machozi kwa ajili ya baba yake.

Sébastien alikuwa peke yake mezani aliyejua pande zote mbili. Alijua Itebero hawafugi ng'ombe, kwamba nzi wa kule wangemmaliza. Alijua nyama ya kwanza haingoji mimba. Angesema maneno mawili tu. Lakini mbele ya jibini ile, na sahani za udongo, na mzee aliyevaa koti, pori la mama yake lilionekana kitu kidogo, sufuria moja ya nyama na moshi mwingi. Aliona haya. Akanywa maziwa yake akasema, "Sawa, Papa."

Ng'ombe wakanunuliwa. Mmoja wakamwita Itebero.

Safari ziliendelea, na kila Sébastien alipofika kijijini, Elisabeth, mke wa mjomba wake, alimpokea njiani.

"Mugongo yako iko muzuri leo," alimwambia. "Haina alama ya muzigo."

"Iko njiani, Mama."

"Basi iko na miguu mifupi."

Mara nyingine alisema, "Sébastien, ile ya kwanza bado inatembea? Ao ilioa huko njiani?" Wanawake kwenye kijito walicheka, naye alicheka nao. Alidhani mradi watu wanacheka, hakuna kilichoharibika. Huyo ni mtu aliyekulia kwa watu wa mdomo, na akasahau kwamba kwetu mzaha ni onyo la mwisho, si la kwanza.

Adelaïde aliamua kuja mwenyewe kueleza. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka sala, wamesimama uwanjani. Alisalimia vizuri, akafungua telefone, akampa Athanase.

"Papa, hii njo sehemu yenu. Iko Kirolirwe. Iko na mimba."

Athanase aliitazama sana ile picha, akaipitisha kwa mkewe, telefone ikazunguka uwanja mzima, toka mkono hadi mkono.

"Iko muzuri," Athanase alisema. "Inanenepa. Na tukitaka kuiona?"

"Munakaribishwa siku yoyote, Papa."

"Kwa miguu ni siku ngapi?"

Adelaïde alimtazama Sébastien. Sébastien alitazama chini.

"Na maziwa, nani anakunywa?"

"Ikizaa, papa yangu atakuwa anaikamua, juu iko kwake. Lakini ndama ni yenu kabisa."

"Donc, basi," Elisabeth alisema taratibu, "sisi tuko na ng'ombe ya kunyonyesha watoto ya wengine."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Adelaïde naye alitabasamu, hakuelewa. Athanase peke yake hakucheka. Alirudisha ile telefone kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha mgeni, akashukuru kwa kupewa habari.

Hakugomba. Hakuandika barua, hakwenda kwa chefu wa kijiji. Wageni walipoondoka alikwenda akafungua yale majani yaliyokata njia, basi. Watoto wake walikuwa wamengoja vya kutosha.

Safari iliyofuata ilikuwa na wageni wengi kuliko zote. Walivuka kijito asubuhi, Sébastien mbele, na kabla jua halijapenya wakasikia kilio. Mboloko, yule swala mdogo wa pori, amenaswa mguu kwenye waya, bado mzima, anajipiga chini. Dada mmoja wa Goma alianza kulia. Mwingine alipiga filamu. Sébastien alipiga magoti kumfungua, akaona lile fundo. Alilijua. Athanase njo alimfundisha kulifunga, alipokuwa na miaka minane. Mikono yake ilifungua haraka.

Filamu ile ilifika Goma kabla yao. Watu wakasema: kampani inayojisemea kulinda wanyama, na njia yake imejaa mitego. Waliokuwa wameshika nafasi wakadai feza zao, na Adelaïde akarudisha zote. Na mtego haukuwa mmoja. Hakuna mgeni aliyerudi. Na bado hesabu ilisema faida, juu ng'ombe wawili walikuwa wanaishi, na bei yao ilikuwa imepanda. Ndiyo aina ya faida tunayoijua vizuri nchi hii. Karatasi inashiba, watu wanakaa na njaa.

"Tuuze ile ya Itebero," Adelaïde alimwambia baba yake. "Sébastien apeleke kitu leo."

"Ng'ombe iko na mimba hawaiuzi," Jean-de-Dieu alisema. "Na ya zawadi hawaiuzi kabisa. Unataka niitwe muntu gani?"

"Papa, haijafika hata kwa wenye zawadi."

"Iko kwao. Mimi ninawachungia."

Alimaanisha. Wakagombana mpaka wakaacha kusemeshana, na mwishowe Adelaïde akauza yule mmoja wa kampani, kwa bei ya haraka. Sébastien alichukua zile feza, akanunua sokoni Walikale mbuzi mnene, chumvi, mafuta ya ngazi, yaani mawese, na mchele. Mpagazi mmoja alijitolea kumbeba mbuzi. Sébastien alikataa. Alimbeba begani mwenyewe, siku nzima, jasho na mkojo wa mbuzi vikimshuka mgongoni, akaingia Itebero hivyo, watu wote wakimwona.

Walimpokea vizuri. Wanawake walipokea mzigo, vijana wakachinja, moto ukawashwa katikati ya uwanja. Watu walikuja toka nyumba zote. Athanase aliomba sala ndefu, akamtaja Sébastien kwa jina, na roho ya Sébastien ikaanza kutulia. Alisimama pembeni, mikono nyuma, tayari kutazama wengine wakila.

Elisabeth alimletea kiti cha plastiki. Kisha akamletea maji ya kunawa. Kisha sahani iliyofunikwa, na alipoifunua, juu ya wali kulikuwa na nyama ya paja, sehemu nzuri kuliko zote.

Sébastien hakunyoosha mkono.

"Mjomba," alisema kwa sauti ndogo, "hii ni ya kwanza. Mimi sipaswi kuonja."

Athanase alikuja akaketi karibu naye, kwenye gogo. Hakuwa na hasira usoni. Heri angekuwa nayo.

"Ya kwanza ilishapita, mutoto wangu. Iko Kirolirwe, inakula majani. Hii ni ya muntu mwenye roho muzuri, amekuja kutusalimia na mbuzi. Tunashukuru sana. Kula, isipoe."

"Nilinyamaza tu, mjomba. Siku ile ningesema—"

"Ninajua. Kula."

Kumkatalia mwenyeji chakula ni tusi, na Sébastien hakuwa na haki ya kuongeza tusi. Akala. Kila tonge lilipopita watu walimwangalia kwa huruma na kumwongezea mchuzi. Wajukuu wa Athanase walikula kwa furaha, mafuta mpaka kwenye viwiko. Nyama ilikuwa tamu. Walimsifu kwa kuchagua mbuzi vizuri.

Asubuhi Elisabeth alimsindikiza mpaka mwisho wa nyumba. Alimpa ndizi za kuchoma za njiani, zimefungwa kwenye jani, akamshika mikono yote miwili.

"Asante ya kututembelea," alisema. "Na ukipata nafasi siku ingine, karibu."