Nikeli Isiyovutwa

Nawras alifungua ukurasa wa hamsini na nne wa tasnifu yake akakuta wino mwekundu. Dokta Muayyad, msimamizi wake, alikuwa ameikata sifuri yake, kipimo cha jinsi nikeli yake inavyovutwa na sumaku, na kuandika juu: tatu nukta moja. Pembeni akaongeza: "Mikono sita. Rekebisha, ndipo nisaini."

Hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka. Sifuri ile aliihangaikia miezi saba! Alitengeneza mwenyewe besi ya Schiff, kemikali inayoishika metali kama kwa mikono, unga wa manjano, akauchemsha pamoja na chumvi ya nikeli ya kijani mara kumi na moja. Mara nne umeme ulikatika katikati, chupa ikapoa, akaanza upya. Kila alipofanikiwa, juu ya karatasi ya kuchujia ulibaki unga mwekundu kama tofali, na sumaku haikuuvuta. Nikeli iliyoshikwa na mikono sita huvutwa. Yake haikuvutwa, maana yake imeshikwa na mikono minne, bapa kama chapati.

Tasnifu ilitakiwa Alhamisi. Bila saini ya Muayyad hafanyi utetezi, na mwaka mzima umekwenda.

Akaenda ofisini kwake bila kupiga hodi.

"Daktari, umekata kipimo changu."

"Karibu, binti, kaa. Kunywa chai."

"Sitaki chai."

Muayyad akacheka. "Nikeli zote za maabara hii zina mikono sita. Tangu mwanafunzi wangu wa kwanza."

"Yangu ni nyekundu. Ya mikono sita huwa ya kijani."

"Wewe na rangi! Unachagua kitambaa cha harusi? Hiyo mizani ya sumaku imekufa. Ni kuukuu kuliko mimi."

"Basi twende tukaizike wote."

Alisema hivyo kisha akashtuka, hakuwahi kumjibu mkubwa hivyo. Lakini miguu ilishatangulia. Muayyad akamfuata, viatu vikigonga sakafu.

Fundi wa maabara, Abu Ghaith, alikuwa anafuta meza; Nawras akamwambia wamekuja kuizika mizani. Akajaza tyubu kwa chumvi ya shaba ya bluu, ambayo kila mkemia anajua huvutwa, akaining'iniza kwenye mizani, katikati ya sumaku. Akawasha. Uzito ukapanda.

"Maiti amefufuka," Abu Ghaith akasema.

Nawras akatoa shaba, akatia unga wake mwekundu. Akawasha. Uzito haukupanda. Ulishuka kidogo sana, kama sumaku imeusukuma.

"Abu Ghaith, katuletee maji," Muayyad akasema.

"Maji yapo mezani, Daktari."

Muayyad akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Nina makala tatu zimechapishwa. Unga kama huu, rangi hiihii. Nimeandika mikono sita, tatu nukta moja. Unataka kamati wanicheke?"

"Ulizipima?"

Muayyad akageukia mlango.

"Daktari, ulipima hata moja?"

"Mwanafunzi wangu aliichukua namba hiyo kwenye tasnifu ya mwenzake aliyemtangulia. Ndivyo tunavyofanya wote, usijifanye hujui."

"Na yule aliyemtangulia?"

"Nawras!"

"Kwa hiyo nami ninakili, na atakayekuja mwakani ananakili kwangu? Mpaka lini?"

"Utapata shahada yako."

"Na wewe utapata uongo wa nne!"

Muayyad akawa mwekundu kuliko ule unga. "Alhamisi. Tatu nukta moja, la sivyo tafuta msimamizi mwingine." Mlango ukabamizwa, chupa zikagongana.

Nawras akachukua kalamu. Akaandika kwenye daftari la mizani: tarehe, unga, uzito kabla ya sumaku, uzito na sumaku. Abu Ghaith akalivuta daftari, akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa.

"Jina langu halina uzito huko juu," akasema. "Ila nilikuwepo."

"Asante, ami."

Akapanda ghorofa ya tatu, kwa karani wa idara.

"Naomba fomu ya kubadili msimamizi."

Karani akamwangalia. "Umebakiza siku tatu, mdogo wangu. Utarudia mwaka mzima."

"Najua."

"Mama yako anajua?"

"Nipe fomu, dada."

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa sababu. Nawras aliujaza kwa vipimo vya mizani, akageuza karatasi, akaendelea nyuma, akikandamiza kalamu mpaka ikatoboa.