Alama ya Ng'ombe Kifuani mwa Kipa

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, timu ya mpira ya kijiji kimoja kilichoko mteremko wa magharibi wa Mlima Meru ilizindua jezi mpya, nembo mpya na jina jipya, na kati ya watu wote waliojaa uwanjani ni Naipanoi peke yake ambaye hakupiga makofi. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe sita, na alikuwa amefika kwa sababu mwanawe, Yiamat, ndiye kipa wa timu hiyo.

Jina la zamani lilikuwa Tumaini. Mwenyekiti wa timu, Bwana Ludovick, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aishiye Njiro, mtaa wa wenye nazo mjini, alieleza kwa kipaza sauti kwamba Tumaini halina mvuto, kwamba ni jina la zahanati, na kwamba kuanzia siku ile timu itaitwa Meru Gladieta.

"Gladieta ni kitu gani?" Naipanoi alimuuliza jirani yake, Nkasiogi.

"Ni viatu, shoga yangu. Vile vyenye kamba nyingi hadi gotini. Binti yangu anavyo."

"Vijana wetu wanaitwa viatu?"

"Vya kike," Nkasiogi alisema, akajifunika mdomo kwa khanga.

Wachezaji waliingia mbio wakiwa wamevaa zambarau iliyotiwa dhahabu, rangi ambazo Naipanoi alikuwa ameziona zikikaa pamoja mara moja tu maishani mwake, kwenye jeneza la mtu tajiri. Yote hayo angeyavumilia. Mtu haombwi ushauri juu ya ujinga wa wenzake. Lakini Yiamat alipomkaribia, alisogea mbele atazame vizuri. Kifuani mwa mwanawe, upande wa moyo, palikuwa na duara lililopasuliwa katikati na mstari mmoja, na chini yake mikia miwili. Ilikuwa ni alama ya nyumba yake. Ndiyo iliyokuwa kwenye paja la kulia la kila ng'ombe wake, imechomwa kwa chuma cha moto.

Mchoraji wa nembo, kijana mmoja wa mjini aitwaye Hans, alipewa kipaza sauti afafanue. Alisema kwamba duara ni umoja wa wananchi, mstari ni safari ya ushindi, na mikia miwili ni ujasiri na nidhamu. Watu walishangilia. Naipanoi alijua ukweli wake. Duara lilikuwa pete ya jembe bovu, kwa kuwa baba mkwe wake hakuwa na chuma kingine siku alipotengeneza kifaa cha kuchomea ng'ombe. Mstari uliongezwa ili pete isipinde. Mikia iliongezwa kwa sababu jirani naye alikuwa na duara. Huo ndio uliokuwa ujasiri na nidhamu yote.

Sherehe ilipotulia alimfuata Hans mbele ya meza ya wageni.

"Shikamoo mama," Hans alisema.

"Marahaba. Mchoro huu umeutoa wapi?"

"Niliuona mnadani, mama, kwenye paja la ng'ombe. Ukanigusa sana. Ni sanaa ya asili, haina mwenyewe."

"Ng'ombe ulimwona. Mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe hukumwona?"

Bwana Ludovick aliingilia kati huku akitabasamu kama mtu anayepokea zawadi. "Mama yangu, usituharibie siku. Jezi mia tatu zimeshachapishwa. Mwenzako angejivunia! Ng'ombe wako sasa ni maarufu."

"Ng'ombe hali umaarufu, Mwenyekiti. Anakula majani."

Waliokuwa karibu walicheka, ila waliyemcheka ni Naipanoi, si Mwenyekiti. Yiamat alimshika mama yake mkono. "Yeyo, tafadhali. Watu wanatazama. Huu ni mpira tu."

Nyumbani alimketisha mwanawe jikoni akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Shamba lilikuwa na hati. Nyumba ilikuwa na hati. Ng'ombe hawakuwa na karatasi ya kutegemewa. Hata hereni za plastiki walizovalishwa masikioni zilinaswa kwenye miiba zikabaki porini. Tangu baba yake afariki, kitu pekee kilichowafanya wale sita waitwe ng'ombe wa Naipanoi mbele ya mtu yeyote kilikuwa ni ile alama. "Sasa imekuwa ya kila mwenye shingo ya kuvaa jezi," alisema. Yiamat aliinamisha kichwa, lakini Jumapili iliyofuata aliivaa tena.

Hatungekuwa na hadithi kama ujinga ungeishia kifuani. Ndani ya mwezi mmoja nembo ilibandikwa kwenye pikipiki zote za kijiweni. Ikachorwa kwenye ukuta wa bucha, ambako angalau ilikuwa karibu na nyama. Kinyozi aliinyoa kwenye visogo vya watu. Naipanoi alipita kati ya hayo yote akiguna. "Wakipewa nembo ya jeneza wataibandika pia," alimwambia Nkasiogi, "mradi iwe inang'aa."

Kisha ikafika siku ambayo hakuguna. Shabiki mmoja aitwaye Elifuraha, mtu wa kelele nyingi na fikra chache, alimwendea fundi wa kuchomelea akatengenezewa chuma cha nembo ya timu. Akawakamata ng'ombe wake kumi, akawachoma wote kwenye paja la kulia, na kupiga picha akiwa amewakumbatia mmoja mmoja. Picha zilisifiwa sana. Wenzake wakaazima chuma. Wiki haikwisha kabla ya mifugo ya mashabiki wanne kubeba alama ya nyumba ya Naipanoi, na mashabiki wenyewe walikuwa wakitembea vifua mbele kama watu waliogundua moto.

Mwezi wa tisa, mtamba mweusi wa Naipanoi, mwenye mimba yake ya kwanza, hakurudi kutoka kwenye josho. Ng'ombe mwingine aliyekuwa akitoa maziwa alikuwa amekaribia kukauka, na maziwa ambayo mtamba huyu angetoa akizaa ndiyo yaliyokuwa yakitegemewa na nyumba nzima. Mama na mwana walimtafuta siku tatu. Ya nne, Alhamisi, walimkuta mnadani, amefungwa kati ya ng'ombe wa Elifuraha.

"Huyu ni wangu," Naipanoi alisema.

"Mama Yiamat, heshima yako," Elifuraha alijibu, "lakini mtazame pajani. Gladieta damu!"

"Hiyo ni chapa yangu. Unaniibia kwa chapa yangu mwenyewe?"

"Sijaiba! Wangu wameingia zizini, nimewahesabu wako kumi na mmoja, wote wana nembo. Labda mmoja alikuwa akijificha."

Sina hakika kama alisema uongo. Watu wa aina ile huamini lolote lililo upande wao. Afisa mifugo, mama wa makamo aitwaye Sabina, aliitwa. Alimzunguka mtamba, akainama, akaona kovu lililokwisha kupona kama ya wale kumi. Sikio halikuwa na hereni, lilikuwa na tundu tu.

"Zamani ningeamua kwa jicho moja," alisema. "Leo alama hii iko kila mahali. Mama, una ushahidi mwingine?"

"Ninamjua."

"Naye anasema anamjua."

Naipanoi aliishika kamba ya mtamba. Kumbe hivi ndivyo mtu anavyopokonywa mali mchana kweupe, na hakuna mwizi, kuna mashabiki tu. Ndipo aliposikia kipaza sauti upande wa pili wa mnada: Bwana Ludovick alikuwa pale, juu ya gari dogo la mizigo, akiuza jezi.

"Mwiteni mwenye nembo," Naipanoi alisema. "Yeye atuamulie."

Mwenyekiti alikuja na kundi lake la mashabiki, na jezi tatu begani. Naipanoi alimsubiri akae sawa, kisha akasema kwa sauti ambayo hata wachoma nyama waliisikia:

"Mwenyekiti, uliniambia alama hii ni ya timu. Nakubali. Kama ni ya timu, basi kila ng'ombe mwenye alama hii ni wa timu. Mimi nakukabidhi wangu sita leo hii. Elifuraha atakukabidhi wake, na hawa wenzake watakukabidhi wao. Wapeleke Njiro. Uwalishe, uwaogeshe, uwachanje, na usiku uwafungie kwenye uzio wako mzuri wenye geti la umeme."

Mnada mzima uliangua kicheko. Elifuraha hakucheka. "Wa timu vipi? Wangu ni wangu!"

"Unasema nembo ni ya timu," Afisa Sabina alimwambia.

"Nembo ya timu, ng'ombe wangu!"

"Alama ikiwa pajani, ng'ombe ni wa mwenye alama," Naipanoi alisema. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla hujazaliwa. Haya, Mwenyekiti. Ni yako au ni yangu?"

Bwana Ludovick alitazama mashabiki wake, wakamtazama kama watu waliokwisha kumfunga kamba. Akafuta jasho kwa jezi ya zambarau. "Ni ya mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mchoraji aliichukua bila ruhusa."

"Sema kwa kipaza sauti. Jezi uliziuza kwa kipaza sauti."

Akasema kwa kipaza sauti.

Afisa Sabina alimgeukia Elifuraha. "Kwa hiyo hawa kumi na mmoja ni wa mama?"

"Kumi! Kumi ndio wangu, wana hereni, tazama!" Elifuraha alikuwa tayari akifungua kamba. "Huyu mweusi simjui kabisa. Mama, mchukue. Mchukue haraka."

Yiamat aliivua jezi yake palepale, akaivingirisha ndani nje, akamfunga nayo mtamba shingoni kwa kuwa kamba ilikuwa ya Elifuraha. Alimwongoza mnyama nyumbani akiwa na fulana ya ndani tu, na Naipanoi akatembea nyuma yao, akimtazama mtamba jinsi alivyonenepa ubavuni.

Wiki iliyofuata timu ilicheza na viraka vya kaniki vilivyoshonwa juu ya nembo, na mashabiki wanne walikuwa kwa afisa mifugo wakiomba alama nyingine zichomwe juu ya zile za kwanza, jambo ambalo ng'ombe hawakuwa wameliomba. Kwa habari ya mchezo wenyewe, walifungwa mabao mawili, kama walivyokuwa wakifungwa walipoitwa Tumaini.

Nawe uliyesoma, kama kijijini kwenu au mtaani kwenu kuna kamati inayotafuta jina jipya na nembo, usikae na hadithi hii peke yako. Mpelekee mwenyekiti aisome kabla hajampigia simu mchoraji, na asiyejua kusoma msomee.