Wa Kumwamkia

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, Bi Sauda alimpa kila mgeni fimbo ya kusogezea miiba, akawakumbusha kwamba makaburini hakuingiwi kama sokoni. Wageni wenyewe walikuwa wawili tu: Stefano na mkewe Tekla, wenye duka la vitenge Mtanda, Lindi. Walikuja Kilwa Kivinje harusini, wakaona si vibaya kupata historia kidogo kabla ya pilau.

Getini Bi Sauda aliwatolea wenyeji salamu, kama inavyopasa. Wenye makaburi ya mawe wakaitikia waalaykumu salaam kwa mkato, kama watu waliokatizwa maongezi.

"Huitikia hivi kila siku?" Tekla aliuliza.

"Ijumaa huchangamka kidogo."

Akawaonyesha kaburi la mfanyabiashara wa pembe, la kadhi, na la bwana mmoja mbishi ambaye hadi leo humsahihisha Bi Sauda idadi ya wake zake. Kisha wakapita penye ukuta uliobomoka, upande wa mikoko. Huko hakuna mawe wala majina, ni mchanga uliodidimia hapa na pale. Ndiko walikozikwa watumwa.

"Shikamoo, bwana," sauti ya kike ilisema kutoka chini.

"Marahaba," Stefano akaitika.

Bi Sauda akakunja uso. "Baba, unaitikia nini? Huyo ni mkubwa wa bibi yako."

"Salamu haikataliwi, mama."

Tekla akachuchumaa, akasema kwa adabu, "Shikamoo, bibi."

"Shikamoo, bibi," sauti ikarudisha.

Tatizo ndilo hilo. Tekla alisema bibi akimaanisha mzaa mama. Chini walisema bibi wakimaanisha mwenye nyumba na mwenye watu. Bi Sauda amelieleza jambo hili mpaka koo limemkauka, na wafu wakamsikiliza kwa heshima zote, halafu wakamwamkia.

Sauti ile ilikuwa ya Bi Faida. Hilo ni jina walilompa waliomnunua; la kwao, huko bara, halijulikani. Alimzaa bibi wa mama yake Bi Sauda. Na tangu Bi Sauda amzike shangazi yake, Kivinje nzima hakuna mtu wa kumwambia shikamoo. Yeye ndiye anayeamkiwa: marahaba kwa muuza samaki, marahaba kwa diwani, marahaba njia nzima mpaka nyumbani, na nyumbani hakuna mtu. Mtoto hakujaliwa. Alitaka kitu kimoja tu, amwamkie mkubwa wake aitikiwe, na ndiyo sababu alianza kuwatembeza wageni. Alidhani Bi Faida akisikia kila wiki kwamba utumwa ulikwisha, ipo siku ataamini.

Stefano na Tekla waliaga, wakawahi pilau. Bi Sauda akakaa mchangani.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi Sauda, mtoto wa Mwanaidi. Ni damu yako."

"Shikamoo, bibi."

"Hapana. Wewe sema marahaba. Mara moja tu, bibi yangu, nami niende nyumbani."

Kisha sauti ikauliza taratibu, "Nimekosa nini, bibi?"

"Hujakosa kitu."

"Shikamoo, bibi."

Bi Sauda hakuitika. Sauti ikarudia, ikarudia tena, na kila ikirudia ilizidi kutetemeka. Kutoa salamu ni suna, kuitikia ni faradhi. Hayo Bi Sauda aliyajua tangu chuo cha Kurani. Lakini si faradhi iliyomshinda. Alimwonea huruma. Mtu mzima yule alikuwa anaogopa, na aliyekuwa akiogopwa ni yeye.

Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Marahaba," akasema.

Chini, Bi Faida alishusha pumzi, akashukuru, akaomba ruhusa ya kulala. Bi Sauda akampa.