Bakuli Lililokombwa

Mabakuli mawili yalikaa jirani kwenye meza ndefu. Moja lilikuwa limekombwa hadi kingo. La pili lilikuwa limechokolewa pembeni tu, tambi zake zimekauka. Hilo la pili lilikuwa la Elmina, na tangu alipoliona alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wanaume walikuwa wameshakula na kurudi juu ya paa la ghala jipya ambalo majirani walikuwa wakiwajengea akina Yost, nyundo zikilia. Wanawake walikusanya vyombo. Mama Saloma, mke wa askofu, alikwangua ukoko wa mwisho wa lile bakuli tupu, akalamba kijiko bila haya.

"Elmina, hili ni lako, siyo? Mwenzetu, kwa hizi tambi za nyama ya nguruwe umemaliza kazi."

Elmina akainamisha kichwa. Katika usharika wao mtu hasemi kwamba yeye ndiye aliyepika, hayo ni majivuno. Anayeinama na kunyamaza ndiye mwenye chombo. Alilijua hilo vizuri, na bado aliinama.

"Nilijua tu. Basi harusi ya binti yangu utatupikia wewe."

Kando yao Iva, mjane wa makamo, aliendelea kukausha sahani. Lile bakuli tupu lilikuwa lake.

Siku tatu nzima Elmina alikaa na uongo ule. Ya nne alifunga farasi kwenye kigari, akaenda kwa Iva na mfuko wa tambi, uso umemshuka.

"Nifundishe," alisema mlangoni.

Iva alimpa aproni. Walikata nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi vipande vidogo, wakaikaanga kwa siagi na kitunguu, wakanyunyiza unga, wakamimina maziwa.

"Ongeza."

"Yatazidi, Dada Iva."

"Ndiyo maana tambi zako zilikuwa kama majani makavu ya ng'ombe. Zinakunywa maziwa ndani ya oveni. Ongeza."

Elmina akaongeza, akacheka, halafu machozi yakamtoka. "Mbona hukusema siku ile?"

Iva alipanga tambi, njegere na jibini, akafunika kwa chenga za mkate. Hakumtazama. "Niseme kwamba najua kupika? Lakini ulimi uliniwasha, mdogo wangu. Mpaka leo unaniwasha. Kumi na moja wa nyumba hii nimewalisha, sijawahi kusikia sifa ile, na siku ilipokuja ikaenda kwako. Nilikuchukia. Naona aibu kukuambia."

Elmina hakujua kwamba aibu yake ingeweza kuongezeka. Iliongezeka.

Bakuli lilipotoka ovenini, Elmina alilifunga kwa taulo, akaendesha moja kwa moja hadi kwa Mama Saloma. Alisema kabla hajakaribishwa: "Hiki ni chakula cha Iva. Na kile cha siku ile kilikuwa cha Iva."

Mama Saloma alitabasamu, akampigapiga begani. "Ndiyo maana nakupenda, binti. Wengine wangejisifu. Wewe sifa zako zote unawapa wenzako."

Akanyoosha mikono apokee. Elmina hakumpa. Joto la bakuli lilikuwa limeshapenya taulo na kuanza kumuunguza viganja.

"Mama Saloma," alisema, "kaa kwanza. Bado hujanisikia."