Sauti Ilibaki, Mwenyewe Akaondoka

Asubuhi hiyo mama alikuwa anapunguza miguu ya suruali ya sare ya mwanawe. Mapinduzi yalikuwa yametoa sare za saizi moja kwa wote, na mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda, alikuwa mfupi. Alisimama kando ya cherehani na taulo kiunoni, akimhimiza, maana alikuwa na kikao. Redio ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Saa ya taarifa ya habari ilipofika, mtangazaji mpya, mwanamume aliyeteuliwa jana yake, alifungua kinywa kule studio, na redioni ikatoka sauti ya binti wa nyumba ile, dada yake Kamanda.

Haikuwa sauti ya kufanana na yake. Ilikuwa yake hasa, pamoja na ule mkwaruzo mdogo aliokuwa nao tangu utotoni kila alipotamka r. Ilisoma habari za mgao wa sabuni na za kufunguliwa kwa kiwanda cha misumari.

"Zima," Kamanda alisema.

"Mikono yangu imeshika suruali yako. Zima mwenyewe."

Akazima. Sauti ikamalizia sentensi yake kwanza, kwa adabu, ndipo ikanyamaza.

Binti huyo ndiye aliyekuwa ametangaza ushindi wa mapinduzi. Siku wapiganaji walipoingia kituo cha redio, wafanyakazi wenzake walijificha chini ya meza. Yeye aliwaambia wapiganaji wapanguse viatu, kisha wampe hiyo karatasi yao. Aliisoma vizuri kiasi kwamba watu walitoka nje wakawakumbatia majirani wasiosemeshana nao. Kwa muda alipendwa, na sokoni hakuna aliyempimia nyanya bila kumwongezea.

Kisha Kamati ya Mtaa ikapewa kazi ya kusafisha mtaa, na ilipomaliza mitaro ikahamia kwa watu. Binti alikuwa akiishi na mkunga wa zahanati, nyumba moja, kitanda kimoja, kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuuliza. Sasa wakauliza. Kamanda alikuwa katibu wa kamati. Wajumbe walipomgeukia, aliona heri aseme mwenyewe kabla hajasemewa. Akasimama, akasema dada yake ni uchafu uliosahauliwa na utawala wa zamani. Mkunga, aliyekuwa amemzalisha mke wa mwenyekiti wiki ileile, alikuwa amekaa mstari wa nyuma akisikiliza.

Jua halijazama wawili hao walikuwa juu ya lori la kwenda mpakani. Kesho yake mke wa Kamanda naye alirudi kwao. Alisema mwanamume anayeweza kumtoa dada yake hashindwi kumtoa mke. Mama alibaki na mwana mmoja ndani ya nyumba, na huyo mmoja hakuwa na la kusema ila maazimio ya kikao.

Mafundi wa kituo walibadilisha nyaya, wakabadilisha vipaza sauti, wakabadilisha na watangazaji. Walimjaribu mwalimu wa shule, wakamjaribu askari mwenye kifua kama pipa, wakamjaribu mwanamke wa idara ya maji. Kila mmoja alisema kwa sauti yake mbele ya kipaza sauti, na redioni akatoka binti. Mkuu wa kituo alitangaza kwamba hitilafu ni ya kiufundi na haigusi maudhui. Wasikilizaji hawakulalamika. Waliokuwa wamemsikia yule wa idara ya maji walishukuru.

Kwenye redio ya mama, habari zilipokwisha sauti haikuondoka.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Usinihoji. Mimi si mgeni wa kipindi chako."

Kamanda akipita, ilimgeukia na yeye. "Kaka, shati hilo ni la marehemu baba. Kama umelichukua, basi angalau lifue."

Kamanda alikuwa ameapa mbele ya kamati kutosema na dada yake. "Mama, mwambie mtu huyo asinizoee."

"Mwambie wewe. Masikio anayo."

"Hana masikio. Hiyo ni redio."

"Sasa unamkasirikia nani?"

Hivyo ndivyo miezi ilivyokwenda. Mama alichoka. Aliwahi kuwaambia wote wawili, mwenye mwili na asiye nao, kwamba aliwalea katika chumba kimoja bila kelele hizi, na kwamba kama mapinduzi ndiyo haya basi yangefanyikia nyumba nyingine.

Siku moja mkunga alipiga simu kwenye duka la jirani, na mama akaitwa.

"Mama, shikamoo. Tangu tuvuke hasemi," mkunga alisema. "Hospitali ya huku wamemtazama koo, wanasema kila kitu kipo mahali pake. Ananielekeza kwa mikono. Juzi tuligombana, akagombana nami kwa kupiga sufuria."

"Sauti yake iko kwangu," mama alisema. "Asubuhi imenisema kwa ajili ya chumvi."

"Nilidhani hivyo. Kazi ya redio hapati, mama. Anakunja shuka kwa dobi."

Mama alirudi nyumbani, akamkuta Kamanda mezani. Wakati wa kula Kamanda alikuwa na desturi ya kuishusha redio na kuiweka karibu na sahani. Alisema anaogopa isije ikaanguka kule juu.

"Dada yako arudi," mama alisema. "Sauti yake mnaitumia kutwa. Koo lake limekosa nini?"

"Sauti ni mali ya umma, mama. Sauti hailali na mtu."

"Na wewe unalala na nani? Na kamati?"

Kamanda alijiongezea mchuzi. Kisha akasema kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa juu. Jumatatu ingetangazwa sheria juu ya watu wa namna ile, na yeye ndiye aliyepewa heshima ya kuiandika.

"Nani ataisoma?" mama aliuliza.

Kamanda aliishika redio kwa mikono miwili, akairudisha juu ya kabati.

Jumatatu alfajiri mama aliifunga redio kwenye shuka, akaitia kikapuni. Kamanda alimkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi na mali ya umma?"

"Kumpelekea mtu kitu chake kabla hamjakitia najisi. Chakula kipo jikoni, pasha mwenyewe."

Angeweza kumzuia. Badala yake alikichukua kikapu akambebea hadi kwenye malori, amekishika mbali na mwili kama kina kaa la moto. Njiani sauti ikamwambia kamba ya kiatu imefunguka. Kamanda akakiweka kikapu chini, akaifunga kamba, akakibeba tena.

Mpaka ulikuwa daraja fupi lenye kizuizi katikati. Upande wa pili walikuwa wamesimama binti na mkunga, ambao mama aliwaita kwa simu ya dukani, chini ya mwavuli mmoja, kwa sababu jua lilikuwa kali. Binti alifungua kinywa, na maneno yakatoka kikapuni.

"Umekonda, mama."

"Mimi? Jitazame wewe."

Mlinzi wa daraja alikuja, akafunua shuka, akaikagua redio nyuma na mbele. "Hii haivuki," alisema.

"Ni sauti ya mwanangu, baba. Si kitu cha kuuza."

"Najua ni ya nani, namsikia kila siku. Ndiyo maana haivuki. Ikivuka, habari za saa saba zitasomwa na nani?"

Mama alisihi, akagomba, akakaa juu ya jiwe akasema haondoki. Mlinzi alisema jiwe si la serikali, anaruhusiwa kulikalia. Basi wakazungumza hivyohivyo, kinywa ng'ambo, sauti huku. Binti aliuliza kama kaka yake anamtaja. Mama akasema hamtaji, ila hali bila yeye kuwa mezani. Mkunga naye akapaza sauti yake mwenyewe, akauliza kama mtoto wa mwenyekiti ameanza kutembea. Mama alisema anatembea, anavunja vyombo.

Saa saba ikafika. Midomo ya binti ikafungika. Sauti kikapuni ikajirekebisha, ikasalimia wasikilizaji, ikaanza.

Ilisema kwamba kuanzia leo wanaoishi kinyume cha maadili ya mapinduzi wamefutiwa uraia. Hawaruhusiwi kurejea, wala mali zao, wala miili yao wakifia huko. Ndugu atakayewapokea atahesabiwa pamoja nao. Mlinzi aliomba iongezwe kidogo, na mama, ambaye mkono wake ulikuwa juu ya kitufe, aliongeza. Ng'ambo, binti alisikiliza amesimama wima. Mkunga alimshika kiwiko. Sauti haikukwama popote. Palipohitaji kituo ilitua, palipohitaji uzito ilikaza, na baada ya sheria ikasoma mpira na hali ya hewa.

Ilipokwisha, midomo ilimrudia mwenyewe.

"Kaka bado anaandika sentensi ndefu," binti alisema. "Nimemwambia tangu shuleni."

Mama aliifunga redio upya, akabana pembe za shuka moja moja.

"Lori litakuacha, mama," shuka lilisema. "Nenda."

Mlinzi alimsindikiza hatua chache. "Mama, sheria umeisikia. Usije tena hapa."

"Nimeisikia," mama alisema. "Aliyeisoma nimemzaa mimi. Na aliyeiandika pia."

Mlinzi alisema pole, akamsaidia kupandisha kikapu kwenye lori, akarudi kukaa kwenye kizuizi chake.