Ng'ombe wa Valorsa

Aida alipiga simu Jumamosi asubuhi, mama yake, Kijakazi, akiwa jikoni kwake Lozells, Birmingham, anafungua kopo la tui. Alizungumza Kiingereza, kama alivyozoea tangu utotoni. Kiswahili alikielewa chote, ila kukisema kulimpa tabu.

"Mama, usishtuke. Nimevunjika mguu."

Kijakazi aliliweka kopo chini. Hawakuwa wamesemezana tangu mwezi wa tisa, siku Aida alipofunga begi lake na kwenda kupika katika nyumba ya wageni ya kijiji cha Valorsa, juu kabisa kwenye milima ya Ufaransa, huko watu wanakokwenda kuteleza kwenye theluji kwa mbao za skii. Kijakazi alikuwa amemsomesha upishi chuoni hapo hapo Birmingham, akitaraji atapata kazi hotelini mjini, ataolewa karibu, na wajukuu watakaa mtaa wa pili. "Unakwenda kutafuta nini kwenye barafu?" alimwuliza siku ile. Aida akajibu kwa hasira, mlango ukabamizwa, na tangu hapo kila mmoja akawa anamngoja mwenzake aanze.

"Umevunjikia kwenye hizo skii?"

"Hapana. Ngazi za nyuma ya jiko. Nilikuwa natoa takataka."

Mguu ulikuwa umeshafungwa plasta, lakini asingeweza kusimama jikoni mpaka majira ya baridi yaishe. Mwenye nyumba, mjane wa makamo ya bibi aitwaye Philomène, hakuwa na mpishi mwingine, na vyumba vyote vilikuwa vimeshakodiwa. Ingebidi amtafute mtu. Na mtu huyo angehitaji chumba anacholala Aida.

"Mwambie asitafute," Kijakazi alisema. "Nakuja mie."

Jirani yake Dipika alipopata habari alivuka barabara bila hata kuvaa koti. Dipika alizaliwa Mombasa, na yeye na Kijakazi walikuwa wakifanya kazi pamoja katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali.

"Kija, wewe hata barafu ya Soho Road yakuangusha," alisema. "Kila Januari wanishika mkono kama bibi harusi. Leo wataka kupanda milima?"

"Sipandi milima. Nakwenda kupika."

"Na Kifaransa wakijua wapi?"

"Aida atasema. Mimi nitakoroga."

Dipika alimtazama, akaona kuwa maneno yamekwisha. Akarudi kwake, akaja na koti nene la mumewe, Kewal, ambalo Kijakazi alipolivaa lilimfika magotini. Msimamizi wa kiwanda alimpa likizo shingo upande. Kabla wiki haijaisha Kijakazi alikuwa ndani ya basi linalopanda kutoka Geneva, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Mwanzo alidhani anaona mawingu. Kisha basi likakata kona, akayaona mawingu yenyewe yako chini, yamelala bondeni kama sufi iliyomwagwa, na vile vitu vyeupe juu yake vilikuwa mawe. Ilikuwa milima, mmoja nyuma ya mwingine, imechongoka, na jua limeipiga mpaka macho yakawa yanauma. Alizaliwa Wete, Pemba, kwenye vilima vya mikarafuu ambavyo mtoto huvipanda na kuvishuka akicheza. Hakuwahi kufikiri kuwa ardhi inaweza kusimama hivi.

Valorsa ilikuwa kama vijiji viwili. Upande mmoja zilikuwepo hoteli za vioo, na juu yake viti vilivyoning'inia kwenye waya vikiwapandisha wageni kileleni mchana kutwa, nao wakishuka kwa mbao zao, wekundu na wa buluu, wadogo kama shanga. Nyuma ya kanisa kilikuwa kijiji chenyewe: nyumba za magogo yaliyoiva weusi, kuni zimepangwa chini ya upenu mpaka dirishani, tanuri moja la mkate la watu wote, na hodhi la maji ambalo kila asubuhi mtu alilipasua barafu kwa shoka. Wanaume waliokata majani ya ng'ombe wakati wa joto ndio hao hao waliosimama chini ya viti vya waya wakati wa baridi, wakiwashikia wageni wakae. Na kila mtu alimwamkia kila mtu. Kijakazi alipenda hilo upesi, ingawa hakuelewa zaidi ya salamu.

Philomène alikuwa mfupi, mkavu, mashavu mekundu. Hakutabasamu. Alimfunga Kijakazi aproni kwa mikono yake mwenyewe, akamwonyesha sufuria, akatoka.

"Amekasirika?" Kijakazi aliuliza.

"Ndivyo alivyo," Aida alijibu, ameegemea magongo yake mlangoni. Walitazamana. Kulikuwa na mengi ya kusema, lakini wageni walitaka supu, na supu ndiyo iliyopikwa.

Siku zikaenda hivyo. Aida alikaa kwenye stuli, akamenya viazi na kutoa maelezo, na mama yake akapika: viazi kwa jibini, supu ya kabichi, na Ijumaa moja pilau, ambayo wageni waliimaliza mpaka ukoko. Mama na mwana walizungumza habari za chumvi na moto. Habari ya mwezi wa tisa hakuna aliyeigusa.

Alfajiri na jioni Kijakazi alimwona Philomène akitoka na ndoo zake. Alikuwa na ng'ombe. Zamani walilala chini ya nyumba yenyewe, joto lao likipanda mpaka vyumbani, lakini wageni wa hoteli walilalamikia harufu, ikabidi wahamishiwe kwenye banda la mawe juu ya kijiji, pembezoni mwa miti. Siku moja Kijakazi aliomba kwa ishara kumfuata. Alifungwa miguuni viatu vipana vya wavu, vile vya kutembelea juu ya theluji, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Philomène hakucheka wala hakumshika mkono. Alisimama tu akamngoja. Tangu siku hiyo Kijakazi akawa anakwenda naye kila alipopata nafasi, mpaka akaacha kuanguka.

Mwezi wa pili theluji mpya ilianza kushuka kwa wingi, na haikukatika. Iliziba madirisha ya chini. Viti vya waya vikasimama, hoteli zikawasha taa mchana, barabara ya bondeni ikafungwa. Katikati ya hali hiyo Philomène akashikwa na homa ya kifua, akawa analala anakohoa, hawezi hata kukaa. Mpwa wake, ambaye humsaidia kukama, alikuwa amekwama bondeni. Wanaume wa kijiji walikuwa juu ya mapaa wakisukuma theluji, maana paa moja lilikwisha kubomoka. Walisema watakwenda bandani wakipata nafasi. Labda jioni. Labda kesho.

Asubuhi ile Kijakazi alifungua mlango wa jiko, akasikia. Upepo ulikuwa umetulia, na kutoka juu, mbali, ilikuja sauti ya ng'ombe. Si mlio wa njaa. Aliijua sauti hiyo tangu utoto. Baba yake alifuga.

Alifunga mlango, akaanza kuvaa koti la Kewal.

"Unakwenda wapi?" Aida aliuliza.

"Kukama."

"Mama, haiwezekani! Wamesema mlima unaweza kuporomoka. Wenyeji wenyewe hawaendi!"

"Wenyeji wana mapaa. Mimi sina paa hapa." Alikuwa anatafuta beleshi nyuma ya mlango. "Wale ng'ombe hawajui habari za theluji, mwanangu. Wanajua wamejaa maziwa tangu jana, na viwele vinawauma. Wakiachwa mpaka kesho wataugua. Nenda kamwulize Philomène nipite wapi."

Aida hakuondoka. Machozi yalimlengalenga. "Mama, tafadhali. Ngoja."

"Nimengoja tangu mwezi wa tisa," Kijakazi alisema. "Nimechoka kungoja. Nenda kamwulize."

Philomène alisikiliza akiwa amefumba macho. Alisema neno la kukataza. Kisha ng'ombe wakalia tena, akafungua macho, akasema mengi, polepole, Aida akitafsiri: fuata nguzo za ua, ziache mkono wa kulia. Usipite mahali peupe pasipo na miti hata kama njia ni fupi. Huko ndiko mlima unakoshukia. Ukifika kwenye miti, baki kwenye miti.

Kijakazi alikwenda. Theluji ilimfika mapajani hata na vile viatu vya wavu. Alipiga hatua, akasimama, akapumua, akapiga nyingine. Hewa ya huko juu ni nyepesi, haishibishi kifua. Nguzo nyingine zilikuwa zimefunikwa, akazitafuta kwa mpini wa beleshi. Mara mbili alifikiri kurudi, na mara zote mbili ng'ombe walilia, akaenda. Alisoma kila sura aliyoihifadhi, akairudia, mpaka jiwe la banda likajitokeza kati ya miti. Mlango alilazimika kuuchimbua.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mavi na majani makavu, na vichwa sita vikageuka kumtazama. Hawakuwa kama ng'ombe wa baba yake, wale wadogo wenye nundu wasiotoa maziwa mpaka ndama aletwe. Hawa walikuwa mapande ya wanyama. Wa kwanza aliipiga ndoo teke ikaruka. Kijakazi aliiokota, akamsogelea kwa ubavu, akaweka paji la uso kwenye tumbo lake, akamwambia kwa Kipemba kwamba yeye pia amechoka na kwamba wasicheleweshane. Kiwele kilikuwa kigumu kama jiwe. Alikipangusa kwa maji, akakikanda, akasubiri. Maziwa yakashuka.

Alikuwa kwa ng'ombe wa nne aliposikia mngurumo. Alidhani ni lori, kisha akakumbuka kuwa hakuna lori. Banda likatetemeka, vumbi la majani likamwagika kutoka darini, mwanga wa dirishani ukazimika. Ng'ombe walisimama wima wote. Kisha kimya.

Kijijini, Aida alikuwa dirishani. Aliuona mlima ukiachia, wingu jeupe likishuka mahali pasipo na miti, likienea, likifunika ua na njia na banda vyote pamoja. Aliruka nje kwa gongo moja, plasta ikizama kwenye theluji, akipiga kelele kwa lugha zote alizokuwa nazo, na watu juu ya mapaa wakashuka na mabeleshi yao wakaja.

Walipanda kwa mstari, wakichoma theluji kwa fimbo ndefu kila hatua. Njia ya nguzo ilikuwa imepotea. Lakini miti ilisimama. Theluji ilikuwa imelipita banda kwa pembeni, ikaegemea ukuta mmoja mpaka paani, na mlango wa upande wa pili ulikuwa umezibwa nusu tu. Waliuchimba, wakauvuta.

Kijakazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakama wa mwisho. Uso ulikuwa na michirizi ya machozi. Mwanaume wa mbele alimwashiria atoke haraka. Akatikisa kichwa, akaonyesha kiwele.

"Bado," alisema kwa Kiswahili.

Wakangoja. Mmoja akachukua uma, akaanza kuwapa ng'ombe majani.

Kijakazi alipofika chini, Aida alimkumbatia kwa nguvu hata wakaanguka wote wawili kwenye theluji, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka.

"Nilidhani nimekupoteza," Aida alisema. "Na bado sijakuomba radhi."

"Hata mimi sijakuomba." Kijakazi alimfuta pua kwa mkono wa koti. "Nilitaka ukae mtaa wa pili. Nilijifikiria mimi. Wewe hapa unapapenda?"

"Napapenda, mama." Alilisema kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya Birmingham, lakini alilisema.

"Basi kaa."

Jioni ile ile Kijakazi alisema atarudi bandani. Hakuna aliyembishia, wawili walimfuata. Alikwenda kila asubuhi na kila jioni mpaka barabara ikafunguka, daktari akapanda, na Philomène akaweza kusimama. Siku ya kwanza kusimama, Philomène alishuka jikoni, akakaa mezani, akamwuliza Aida swali refu.

"Anasema mwezi wa sita ng'ombe wanapelekwa juu, malishoni, wanakaa huko mpaka baridi irudi," Aida alieleza. "Wanakama na kutengeneza jibini huko huko. Anauliza kama utakuja."

"Mwambie nitakuja."

"Na kazi yako?"

"Mwambie kwanza."

Kijakazi aliporudi Birmingham, msimamizi wa kiwanda alisema likizo nyingine haiwezekani, naye akamshukuru, akavua sare, akaikunja. Dipika alifoka, akalia kidogo, kisha akauliza kama huko malishoni pana nafasi ya mtu mmoja zaidi wakati wa likizo ya Agosti. Kijakazi alimwambia aje na viatu vya maana.

Mwezi wa sita theluji ilikuwa imebaki vileleni tu. Ng'ombe walitolewa bandani na kengele shingoni, wakarukaruka kama ndama, na kijiji kizima kikawasindikiza mpaka daraja la mwisho. Aida, mguu umepona, alitangulia mbele na fimbo. Philomène alipanda gari la mpwa wake, akafungua mlango wa nyuma, akamwonyesha Kijakazi kiti. Njia ilikuwa ndefu, ilipinda mlimani mpaka ikapotea kwenye majani mabichi, na tangu hapo walipo hewa ile nyepesi ilikuwa imeshaanza kumbana Kijakazi kifua.

"Hapana," alisema, akaokota fimbo kando ya njia. "Nakwenda nao."