Geji Isiyo na Kioo

Kaka yangu ana kichwa kigumu, na mimi nina mdomo, ndiyo maana siku ile karakana nzima ilitusikia. Yeye ni nahodha wa boti ya abiria, mimi ndiye fundi wake. Tulikuwa tunagombania geji ya trimu, ile saa ndogo ya kwenye dashibodi inayomwonyesha nahodha mashine ya nyuma imeinuka kiasi gani. Mashine ikiinuka kupita kiasi, pua ya boti nayo inapanda, abiria wanarushwarushwa kama maharage kwenye ungo.

Miaka yote hakuhitaji geji. Aliendesha pekupeku, nyayo zikimwambia kila kitu, na watu walimtania kwamba viatu vyake vitaoza vikiwa vipya. Halafu kisukari kikamtia ganzi miguuni. Wiki iliyopita pua ilipanda, mama mmoja mjamzito akaanguka kutoka kwenye benchi. Ashukuriwe Mungu, hakuumia. Mwenye boti akasema wekeni geji, na likitokea tena usukani anapewa mtu mwingine. Kaka yangu bila usukani, sijui angekuwa nani.

"Tuweke ya umeme," nikamwambia. "Waya mmoja tu, kazi imekwisha. Ina taa, hata mvua ikinyesha unaiona."

"Ya kebo," akasema.

"Kebo ile ya chuma inayovuta sindano inashika kutu, kaka! Mwaka hauishi imekwama."

"Ikikwama utaikwamua. Kwani wewe si fundi?"

"Loo! Yaani nijitafutie kazi?"

"Ya kebo," akarudia, "na kioo chake ukitoe. Kinaingia ukungu."

Damu ikanichemka. Geji bila kioo, jamani! Nani amewahi kuiona? Nikamwambia uzee unamwingia vibaya. Akacheka, akasema uzee ni wake, mimi nifunge nilichoambiwa. Nikafyonya, nikachukua bisibisi. Huyu ndiye aliyenilea wazazi wetu walipofariki, akanishikisha spana kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe. Nabisha sana, lakini mwisho huwa natii, na yeye analijua hilo.

Boti ilikuwa juu ya trela, mle mle karakanani. Nikaifunga geji kwenye dashibodi, nikaitoa kioo, nikapitisha kebo chini ya sakafu hadi nyuma. Kabla sijaiunganisha na mashine, wifi yangu, mkewe kaka, akafika na chai. Nikaiacha kebo inaning'inia, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi na kikombe changu, wifi alishaondoka, na kaka alishakaa kwenye usukani anabonyeza kitufe cha kuinua mashine. Hana subira hata chembe.

"Umeona?" akasema, uso ameuelekeza kwenye geji, meno yote nje. "Sindano inapanda vizuri. Sasa iko katikati."

Nikapanda, nikasimama pembeni yake. Mashine kweli ilikuwa katikati. Aliijua kwa mlio wa mota, maana masikio yake ni mazima. Ila sindano ilikuwa imelala chini, haijasogea hata kidogo.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, wala hakuwa na utani.

"Na sasa?" nikamuuliza.

Akabonyeza tena. "Juu kabisa. Kwani wewe huoni?"

Kisukari kilikuwa kimeyafikia na macho. Kumbe ndiyo maana ya kioo! Alitaka kitoke ili akiwa peke yake aipapase sindano kwa kidole, na ya umeme haipapasiki. Mbele yangu aliona haya, akabahatisha. Na kesho asubuhi benchi zile zitajaa watu.

"Kaka," nikasema, "kebo sijaifunga bado."

Akakiachia kitufe. Kisha akanyoosha kidole polepole, akatafuta, akaigusa sindano pale chini ilipolala.

"Wifi anajua?" nikamuuliza.

"Anajua miguu tu."

Kwa mdomo wangu huu, siku nyingine ningemchamba hadi ajute: angeua watu, angejiua mwenyewe. Siku ile nililia tu. Akanyoosha mkono anipapase kichwa kama alivyozoea nilipokuwa mdogo, akanikosa, akashika bega, ndipo akapanda hadi kichwani.

"Basi, nyamaza," akasema. "Hii itoe. Huyo nahodha atakayekuja ataijua lini boti hii kwa nyayo? Mfungie ya umeme. Na kioo chake."

Nikachukua bisibisi, machozi yakinitiririka. Yeye akainama, akapapasa chini ya kiti, akatoa viatu vyake, akavivaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona na viatu ndani ya boti ile.